Radi Huondoka, Hitilafu Hubaki: Kelele za Redio Wakati wa Dhoruba Chini ya Rwenzori

Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba, mawingu hujikusanya juu ya milima ya Rwenzori na kushuka kwenye mabonde ya mito Mubuku na Nyamwamba. Katika misimu hiyo miwili redio zetu za Bugoye, Kasese na Bwera, hapa magharibi mwa Uganda, huanza kusumbua: taarifa ya habari inakatwa na mipasuko, mahubiri yanafunikwa na mngurumo, au kituo kinapotea kabisa katikati ya tangazo. Ukiuliza sababu, jibu ni moja tu, kwamba ni radi. Nimekuja kudai kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwetu. Radi hupasua matangazo kwa muda mfupi mno, kisha huondoka. Kinachotunyima redio kwa saa nzima, kwa siku nzima, na wakati mwingine kwa wiki kadhaa baada ya dhoruba, ni hitilafu za umeme wa nyaya. Radi hatuwezi kuizuia, lakini hitilafu zinaweza kutafutwa, kutambuliwa na kutengenezwa.

Nisieleweke kwamba naidharau radi. Tunaishi pembezoni mwa eneo lenye radi nyingi kupindukia. Duniani kote humulika radi 44 hivi kila sekunde, na sehemu kubwa ya hizo huangukia Afrika ya kati. Watafiti waliochambua picha za setilaiti ya TRMM za miaka 16, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016, waliweka ziwa Maracaibo la Venezuela katika nafasi ya kwanza kwa radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Kabare, mashariki ya Kongo, kwa radi 205. Huko si mbali nasi: ni kilomita mia tatu na ushei kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka tunaouvuka Mpondwe kwenda sokoni. Na Uganda yenyewe haijasahau Juni 2011, radi ilipopiga Shule ya Msingi Runyanya wilayani Kiryandongo na kuua wanafunzi wasiopungua 18. Mtu anayesema radi ni jambo kubwa hapa kwetu hajakosea. Anakosea pale anapoibebesha kila kelele anayoisikia.

Tuanze na kile ambacho radi yenyewe hufanya. Pigo la kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi, na mkondo huo hupanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mkondo wowote unaobadilika ghafla namna hiyo hurusha mawimbi ya redio, kwa hiyo kila radi ni mtambo wa matangazo usio na leseni. Jambo hili lilijulikana kabla hata hayajakuwapo matangazo ya redio. Mwaka 1895 Alexander Popov alionyesha mbele ya wanasayansi wenzake wa St. Petersburg kifaa kilichoweza kuhisi mawimbi ya radi za mbali. Lakini mtambo huo wa mbinguni haurushi sawasawa kwenye masafa yote. Nguvu zake nyingi ziko chini kabisa, kati ya kilohezi 5 na 10, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyopungua. Kwa makadirio ya jumla, kishindo cha radi kwenye megahezi 100, ambako ndiko ziliko redio zetu za FM, ni dhaifu kama mara mia kuliko kwenye megahezi 1, katikati ya masafa ya kati. Tena mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali, na usiku hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, hivyo yakavuka mamia ya kilomita. Ndiyo maana mtu aliyeko Bwera anaweza kukaa nje, nyota zikimetameta, upepo umetulia, na bado redio yake ya masafa ya kati au mafupi ikapasuka na kukwaruza. Anasikiliza dhoruba ya Kongo ambayo hataiona kamwe.

FM ni habari nyingine, na historia yake inafundisha. Mwaka 1933 Mmarekani Edwin Armstrong alipewa hataza ya mfumo huu, na lengo lake kubwa lilikuwa kuishinda kelele hiyohiyo ya radi iliyowasumbua wasikilizaji wa masafa ya kati. Katika masafa ya kati, sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Radi nayo huongeza nguvu ya wimbi kwa ghafla, kwa hiyo redio haina namna ya kutofautisha kishindo cha mbinguni na sauti ya mtangazaji. Armstrong aliibeba sauti kwa kubadilisha kasi ya mtikisiko wa wimbi badala ya nguvu yake, akaweka ndani ya redio sehemu inayokata kila kinachozidi kimo fulani. Kishindo cha radi kinapofika hapo, hukatwa. Ukiongeza na ule udhaifu wa radi kwenye masafa ya juu, unapata matokeo haya: kwenye FM, radi ya mbali haisikiki kabisa, na ya karibu husikika kwa mpasuko mmoja mfupi.

Kinga hiyo, hata hivyo, ina sharti. Hufanya kazi pale tu mawimbi ya kituo yanapofika yakiwa na nguvu ya kutosha. Yakishuka chini ya kiwango fulani, kinga huporomoka kwa mara moja, na kelele hata ndogo hupenya. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na hapa kwetu mstari ulionyooka hugonga mlima. Nyumba iliyo kwenye mteremko unaotazama mnara hupokea vizuri, na nyumba iliyo nyuma ya kilima hichohicho hubaki na masalia. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa chini ya dhoruba moja, mmoja akasikia habari hadi mwisho na mwingine akasikia mipasuko mitupu. Radi ni ileile kwa wote wawili. Tofauti yao ni nguvu ya mawimbi, na hilo ni jambo la eriali na la mahali mnara uliposimikwa.

Sasa tuje kwenye nyaya. Umeme wa gridi yetu hubadili mwelekeo mara 50 kwa sekunde, maana yake hufikia kilele mara 100 kwa sekunde. Mahali popote penye mwanya mdogo usiotakiwa, kwa mfano waya uliolegea kwenye kikombe cha kaure kinachouzuia usiguse nguzo, kikombe chenye ufa, au boliti iliyolegea kwa sababu nguzo ya mkaratusi imekauka na kusinyaa, umeme huruka mwanya huo kwa cheche katika kila kilele. Cheche hizo nazo ni radi ndogo, na hurusha mawimbi ya redio hadi kwenye masafa ya FM. Kwa kuwa hujirudia mara 100 kwa sekunde bila kuchoka, sikio huzisikia kama mvumo mzito wa nyuki. Waya wenyewe hugeuka eriali ndefu na kuisambaza kelele kutoka nguzo hadi nguzo. Hitilafu moja juu ya nguzo moja inaweza kuharibu usikivu wa kijiji kizima, pamoja na wale ambao hawajaunganishiwa umeme kabisa na wanasikiliza kwa betri.

Kutokana na hayo unapatikana ushahidi ninaoutegemea kuliko wowote, nao ni muda. Mmuliko mzima wa radi, pamoja na mapigo yake matatu au manne, kwa kawaida huisha kabla ya sekunde moja kutimia. Basi kelele inayoendelea kati ya mmuliko na mmuliko haiwezi kuwa sauti ya radi. Sikio lolote linaweza kutenganisha mambo matatu. Mpasuko mfupi usio na mpangilio, unaotokea sawia na mmuliko, ni radi. Mvumo wa nyuki usiokatika ni hitilafu ya nyaya, au kifaa kibovu ndani ya nyumba. Na kama sauti ya mtangazaji imetoweka na kubaki mchakarisho laini wa hewa tupu, kituo hakirushi. Mara nyingi umeme umekatika kule kwenye mtambo. Njia hii ya kuzipanga kelele kwa makundi ina heshima yake katika sayansi. Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell huko New Jersey, alipewa kazi ya kuchunguza kelele zilizosumbua simu za redio za ng'ambo. Mwaka 1932 alizigawa katika makundi matatu: dhoruba za karibu, dhoruba za mbali, na mvumo hafifu wa kudumu usiojulikana ulikotoka. Angeridhika kusema zote ni radi, asingegundua kwamba ule mvumo wa tatu ulitoka katikati ya kundi letu la nyota, na elimu ya kusikiliza anga kwa redio ingechelewa kuzaliwa.

Hali hiyo ya tatu, ya kituo kunyamaza, inatugusa Bugoye kwa namna ya pekee. Mto Mubuku umefungiwa mitambo ya umeme tangu miaka ya 1950, ulipojengwa mtambo wa kuhudumia mgodi wa shaba wa Kilembe. Tangu mwaka 2009 kituo cha Bugoye chenye uwezo wa megawati 13 hupeleka umeme kwa laini ya kilovolti 33 hadi kituo kidogo cha umeme cha Nkenda, na kutoka hapo unaingia katika gridi ya taifa. Watu hushangaa: inakuwaje tuzalishe umeme hapa na bado tukae gizani mvua inaponyesha? Jibu ni kwamba umeme haugawiwi kwa ujirani. Huingia kwenye gridi na kurudi kwetu kwa laini za usambazaji zinazopita juu ya miteremko iliyo wazi, na laini ndizo zinazopigwa. Fanyeni hesabu: ampea 30,000 zikishuka kwenye nguzo iliyofungwa vizuri ardhini, yenye ukinzani wa omu 10, juu ya nguzo hutokea volti 300,000. Vikombe vya laini ya kilovolti 33 huhimili kishindo cha volti 200,000 au chini kidogo. Kwenye mwamba wa Rwenzori, ambako ardhi hupitisha umeme kwa shida, ukinzani unaweza kufika omu 100, na volti zikawa milioni tatu. Umeme huruka kikombe, swichi ya kituo kidogo cha umeme hujikata ili kuokoa mitambo, na kituo cha redio kisicho na jenereta au betri hunyamaza.

Hapo atasimama mtu na kusema: unajipinga mwenyewe, kwa kuwa umekiri radi ndiyo iliyoanzisha yote. Hoja hii ni nzito na inastahili jibu kamili. Ni kweli radi huanzisha. Lakini laini iliyojengwa na kutunzwa vizuri ina swichi inayojirudisha baada ya sekunde chache, kwa sababu hitilafu nyingi za radi ni za kupita: umeme huruka kikombe, cheche inazimika, hakuna kilichovunjika. Ina pia vizuia radi vinavyomwaga kishindo ardhini kabla hakijafika kwenye transfoma. Pale umeme unapokatika kwa siku tatu, kuna kilichoongezeka juu ya radi: mti uliotakiwa kukatwa msimu uliopita ukaangukia waya, kizuia radi kilichokufa zamani bila kubadilishwa, au waya wa kupeleka umeme ardhini ulioibwa na wachuuzi wa vyuma chakavu. Wizi na uharibifu wa vifaa vya umeme ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2022 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Umeme na kuongeza adhabu. Na pale mvumo wa nyuki unapodumu wiki mbili baada ya mawingu kutawanyika, kuna kikombe kilichopasuka ambacho hakuna aliyekitafuta. Radi ilichangia sekunde moja. Muda wote uliobaki ni wetu.

Atasimama mwingine aseme: lakini kelele huja na mvua na kuondoka na mvua, basi mvua ndiyo inayozuia mawimbi. Hoja hii ina ukweli kwa dishi la setilaiti. Mawimbi yake, ya gigahezi 12 hivi, hunyonywa na matone mazito, na picha ya televisheni huganda kila mtu akiona. Mawimbi ya FM ni marefu mno kuguswa na tone la mvua. Urefu wake ni kama mita tatu. Mvua hutenda kwa njia nyingine. Hulowesha vumbi na masizi yaliyoganda juu ya vikombe, umeme ukaanza kutambaa juu yake, na upepo unaokuja nayo hutikisa nyaya na matawi. Tena kuna jambo linaloipinga hoja hiyo moja kwa moja: hitilafu za mwanya mkavu, zile za boliti zilizolegea, mara nyingi hupoa mvua inaponyesha, kwa sababu maji huziba mwanya na cheche hazina pa kuruka. Kelele inayozidi Januari na kupungua Aprili haiwezi kulaumiwa kwa mvua wala kwa radi. Mafundi wangesikiliza tu ni msimu gani kelele inazidi, wangejua nusu ya tatizo kabla ya kupanda nguzo.

Wapo pia wanaoamini kwamba redio inayolia huita radi, na kwa hiyo dawa ya kelele ni kuizima mawingu yakitanda. Imani hii ina chembe ya busara, na pia ina hatari. Redio ndogo ya betri iliyo mezani haiiti radi, kwa sababu kupokea mawimbi hakuvuti chochote kutoka mawinguni. Radi hutafuta njia ya kufika ardhini, na vitu virefu, miti iliyosimama peke yake, miamba na milingoti huirahisishia. Lakini redio iliyochomekwa ukutani imeunganishwa na kilomita nyingi za waya, na redio yenye eriali juu ya mlingoti wa mianzi imeunganishwa na kitu kirefu kuliko paa. Kishindo kinaweza kuingia kwa njia zote mbili na kuua chombo, au mtu aliyekishika. Kwa hiyo ushauri sahihi ni kuchomoa waya wa ukutani na wa eriali ya nje kabla dhoruba haijafika, kisha kusikiliza kwa betri ukiwa ndani ya nyumba. Tukizima redio kabisa, tunajinyima habari saa ileile tunayozihitaji.

Mwisho atasema kijana: mambo ya redio yamepitwa, tuna simu. Simu ni chombo kizuri, lakini mnara wake nao hula umeme, na betri zake huisha umeme ukikosekana kwa muda mrefu. Wilaya yetu ya Kasese imefundishwa na maji. Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe juu ya Kilembe, na Mei 2020 mito kadhaa, Mubuku ukiwamo, ilifurika kwa pamoja, ikabomoa madaraja, ikafukuza watu majumbani na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na wagonjwa wa kwanza walitengwa katika hospitali ya Bwera. Katika nyakati hizo sauti moja inapaswa kuwafikia maelfu kwa mara moja, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, bila kununua data na bila mtandao kuelemewa. Kazi hiyo redio ya bei ndogo huifanya kuliko chombo chochote. Na kwa kuwa mafuriko huletwa na dhoruba zilezile zinazoangusha nyaya, uimara wa matangazo wakati wa dhoruba ni suala la uhai.

Tufanye nini, basi? Jambo la kwanza ni kuacha kusema radi bila kupima. Kelele ikianza, zima swichi kuu ya nyumba yako huku redio ya betri ikilia. Kelele ikikoma, adui yuko ndani: chaja ya bei rahisi, taa mbovu ya LED, au kidhibiti cha sola, ambavyo siku hizi huchafua mawimbi kuliko tunavyodhani. Kelele ikiendelea, tembea na redio kando ya laini, ukiwa kwenye masafa ya juu badala ya masafa ya kati, kwa kuwa kelele ya masafa ya juu hufifia upesi ukiachana na chanzo chake. Usiguse nguzo wala waya wa kuishikilia. Kazi yako ni sikio tu. Pili, andika tarehe, saa, masafa, hali ya hewa na namba ya transfoma iliyo karibu, kisha uipeleke taarifa kupitia kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1). Tangu Aprili 2025 usambazaji uliokuwa chini ya kampuni iitwayo Umeme umerudi mikononi mwa UEDCL, shirika la umma, na malalamiko yaliyoandikwa na wanakijiji kumi kwa kelele moja ni vigumu kuyatupa kuliko manung'uniko ya mmoja. Tatu, wenye vituo vya redio waweke betri za kutosha na kuimarisha njia ya umeme kwenda ardhini kwenye milingoti yao, kwa kuwa mlingoti juu ya kilima utapigwa tu. Na msikilizaji aliye nyuma ya kilima anyanyue eriali yake, na kama redio yake ina kitufe cha kuchagua, aitoe kwenye stereo na kuiweka mono. Kelele nyingi zitapungua bila kutumia hata shilingi.

Nitaulizwa gharama hizi azibebe nani, wakati fedha za matengenezo hazitoshi. Najibu kwamba hitilafu isiyotafutwa haiachi kugharimu. Kikombe kilichopasuka hupoteza umeme kila usiku, hufupisha maisha ya transfoma, na mwisho huangusha laini siku ya dhoruba, na kuirudisha ni ghali kuliko kubadilisha kikombe. Kelele ya redio ni taarifa ya bure kwamba mahali fulani pana kitu kinachoharibika, na huifikia kila nyumba kabla fundi hajaletwa. Kila tunaposema "ni radi" na kuketi, tunaitupa taarifa hiyo. Tukizoea kuuliza kwanza kelele imedumu kwa muda gani, tutajua lini tungoje mawingu yapite, na lini tukamwamshe anayehusika.